Amplifaya ya Zamani: Tuiuze au Tuitengeneze?

Huenda kijijini kwenu iko amplifaya ya zamani. Labda imewekwa katika stoo ya chama cha msingi. Labda iko chini ya kitanda cha mweka hazina wa kwaya. Ni sanduku la bati, zito, lenye vitasa mbele na mapezi ya alumini nyuma. Zamani ilitumika kwenye mikutano, kwenye ngoma na kwenye arusi. Siku moja ilinguruma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Tangu hapo imekuwa nyumba ya mende.

Sasa tuseme amekuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Ameinua sanduku, amelipima uzito kwa mkono, akasema, "Hii imekufa. Nitawapa bei ya kilo." Mwenyekiti anataka iuzwe leo hii. Katibu anataka aitwe fundi kwanza. Mweka hazina anauliza fundi atalipwa na nani.

Somo hili litawasaidia kuamua. Halitakufanya fundi. Litakuonyesha mambo unayoweza kuyafanya kwa mikono yako, mambo ya kumwachia fundi, na maandishi ya kusoma kabla ya kutoa pesa. Amplifaya imejaa maandishi. Mengi ni tarakimu na herufi moja moja tu, lakini kila moja ina maana.

Amplifaya hufanya kazi gani?

Wewe unayelima mpunga Kahama au Shinyanga unajua majaruba. Maji yamejaa upande wa juu wa tuta. Unashika jembe, unafungua upenyo mdogo, na maji mengi yanapita. Unaziba kidogo, yanapungua. Mkono wako haukusukuma maji. Nguvu ni ya maji yenyewe. Mkono ulifungua na kufunga tu.

Amplifaya ni hivyo hivyo. Mtu akisema kwenye maiki, maiki hugeuza sauti yake kuwa umeme mdogo sana. Umeme huo hauwezi kutikisa spika. Lakini unaweza kufungua na kufunga mlango. Maji mengi yaliyojaa upande wa juu ni umeme wa betri, au umeme wa TANESCO. Mlango ukifunguka, umeme mwingi unakwenda kwenye spika kwa kufuata sauti ya msemaji. Ndiyo maana mtu mmoja husikika mnada mzima.

Kitu kinachofanya kazi ya mlango ni nini? Katika amplifaya za zamani sana ni taa ya kioo inayoitwa valvu. Valvu ya kwanza ya kukuza umeme ilibuniwa Marekani mwaka 1906 na Lee de Forest. Mwaka 1947, huko huko Marekani, wataalamu wa Bell walitengeneza transista. Ni ndogo, haina kioo, haihitaji kupashwa moto, na inaridhika na betri ya gari ya volti 12. Kwa sababu hiyo amplifaya nyingi zilizofika vijijini ni za transista, maana siku hizo vijiji havikuwa na umeme.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi na kusikiliza redio. Redio moja ndogo ilitosha kikundi cha watu waliokaa karibu. Lakini mkutano wa watu mia tatu chini ya mwembe hautoshelezwi na redio. Hapo ndipo amplifaya na spika ya pembe vilipohitajika, na vinahitajika hata leo.

Kiko kitu kingine cha kukifahamu. Kinaitwa kapasita. Sura yake ni kama kopo dogo la bati, refu kama kidole au zaidi. Kazi yake ni kama ya lambo. Mvua hunyesha kwa vipindi, lakini ng'ombe wanakunywa kila siku, kwa sababu lambo limeweka akiba. Umeme wa TANESCO huja kwa mawimbi, mara 50 kwa nukta moja. Kapasita huyapokea mawimbi hayo na kutoa umeme uliotulia.

Lambo likijaa matope halihifadhi maji tena. Kapasita nayo huzeeka. Dawa iliyo ndani yake hukauka, hasa ikikaa miaka mingi kwenye joto. Ikikauka, mawimbi ya umeme hupita moja kwa moja mpaka kwenye spika. Unasikia mngurumo mzito usiokwisha, hata kama maiki imechomolewa. Basi, ukikumbuka kwamba amplifaya yenu ilinguruma kabla ya kufa, usikimbilie kusema kwamba imekufa kabisa. Huenda ugonjwa wake ni kapasita mbili kavu. Kapasita ni kitu cha bei ndogo.

Hatari iliyo ndani

Nisome polepole hapa.

Lambo halikauki mvua inapokatika. Kapasita pia haimalizi umeme wake pale unapochomoa waya ukutani. Umeme unaweza kubaki ndani. Amplifaya ya valvu huwa na volti 300 au zaidi ndani yake, na kapasita zake zinaweza kumwua mtu hata kama sanduku halikuunganishwa na chochote. Amplifaya ya valvu usiifungue kabisa. Utaitambuaje? Chungulia kwenye matundu ya hewa. Ukiona taa za kioo zimesimama wima, ni ya valvu. Mwachie fundi anayezijua.

Amplifaya ya transista inayotumia betri ya volti 12 tu haina hatari kubwa ya namna hiyo. Lakini nyingi zina njia mbili, ya betri na ya umeme wa ukutani. Hiyo ya pili huingiza volti 230 ndani ya sanduku. Chomoa waya zote mbili na uache chombo kikae mpaka kesho yake kabla ya kufungua kifuniko. Hata hivyo usiguse vitu vya ndani kwa vidole. Brashi inatosha. Na usikubali fundi anayemaliza umeme wa kapasita kwa kuigusisha bisibisi mpaka cheche zitoke. Fundi mwangalifu hutumia rizista, umeme ukatoka taratibu bila kishindo.

Anza nje, usianze ndani

Watu wengi wakitaka kujua kama amplifaya ni nzima huiunganisha na umeme mara moja. Hilo ni kosa. Chombo kilichokaa miaka kumi kinaweza kuwa na nyuzi zilizoguguliwa na panya. Ukikipa umeme wote kwa mara moja, kilichokuwa kizima nacho kitaungua.

Kwanza futa vumbi. Kwetu vumbi ni adui mkubwa. Liko vumbi la mbuga za Shinyanga wakati wa kiangazi, na liko vumbi jekundu la Geita, na penye karasha za kusaga mawe vumbi haliishi mwaka mzima. Likijaa kati ya mapezi ya alumini, joto la transista halitoki. Transista huungua kwa joto kuliko kwa kitu kingine. Tumia brashi laini ya rangi. Usitumie maji wala kitambaa chenye maji.

Halafu tazama spika. Pembe ya spika iliyotundikwa nje huwapendeza nyigu, nao hujenga nyumba za udongo ndani yake. Nimekwisha kuona spika iliyoambiwa imekufa, kumbe imezibwa na udongo wa ngumi nzima. Toa udongo kwa kijiti. Kisha chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Gusisha waya za spika kwenye ncha mbili za betri, mara moja tu, kisha achia. Spika nzima italia "ta!" Ikinyamaza, waya wake wa ndani umekatika. Hapo ugonjwa uko kwenye spika, na pengine amplifaya haina kosa.

Baada ya hapo tazama fyuzi. Fyuzi ni kichupa kidogo cha kioo chenye uzi ndani. Kwa kawaida hukaa nyuma, katika kifuniko kinachofunguliwa kwa kuzungushwa. Uzi ukiwa umekatika, fyuzi imekufa. Kioo kikiwa cheusi ndani, umeme mwingi ulipita kwa ghafula, na ndani iko hitilafu. Nunua fyuzi yenye tarakimu ile ile iliyoandikwa kwenye chombo. Kama imeandikwa 5A, nunua 5A. Wapo wanaofunga karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi. Fyuzi ni mlinzi anayekufa ili nyumba isiungue. Ukiweka waya mnene mahali pake, kitakachoungua safari nyingine ni transfoma.

Soma pia nyuma ya chombo penye swichi ndogo au pini ya volti. Huandikwa 110, 220, 240. Ikiwa imewekwa 110, nawe ukaunganisha umeme wetu wa 230, transfoma itaungua kwa muda mfupi. Ihamishe kwenye 240. Kama hakuna 240, tumia 220 au 230.

Jambo jingine ni rangi za waya. Vyombo vya zamani vya Kiingereza vilikuwa na waya mwekundu wa umeme, mweusi wa kurudisha, na wa kijani wa ardhini. Waya za siku hizi ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Mtu akiunga waya mpya kwenye wa zamani bila kujua, anaweza kupeleka umeme kwenye bati la sanduku. Wimbo ukianza, mwimbaji aliye peku juu ya ardhi yenye umande anashika maiki ya chuma. Maiki imeunganishwa na bati lile. Mwimbaji anaanguka. Kwa hiyo waya wa ardhini usikatwe, na plagi iwe ya pini tatu. Mtu yeyote akisema maiki inamwuma mkononi au mdomoni, zima pale pale. Msicheke, wala msimpe mwingine ajaribu.

Hesabu ndogo ya dukani

Pengine mtu atawaambia, "Achaneni na hiyo kuukuu. Mjini ziko mpya ndogo za wati 1000." Tufanye hesabu.

Wati ni volti mara ampia. Geuza hiyo amplifaya mpya, usome fyuzi yake. Tuseme inatumia betri ya volti 12, na fyuzi imeandikwa 5A. Zidisha: 12 mara 5 ni 60. Chombo hicho hakiwezi kuvuta zaidi ya wati 60 bila kukata fyuzi. Tena sehemu yake inapotea kwa kuwa joto. Inayobaki kuwa sauti ni labda 35 au 40. Hizo 1000 zilizobandikwa mbele zimetoka wapi? Zimetoka kwa mchapaji wa karatasi.

Sisemi kwamba vyombo vipya vyote ni vibaya. Lakini amplifaya ya zamani iliyoandikwa wati 40, mara nyingi hutoa hizo 40 kweli. Na vipande vyake vimepangwa kimoja kimoja, vikubwa, fundi anaweza kuking'oa kilichokufa na kuweka kingine. Katika vile vipya vidogo, kazi zote zimefungwa ndani ya kipande kimoja cheusi. Kikifa, kitafute mpaka Mwanza, na pengine usikipate.

Iko hesabu nyingine, nayo ndiyo inayoua amplifaya nyingi za vikundi. Nyuma ya spika pana tarakimu na alama Ω, inayofanana na pete iliyokatwa chini. Hiyo husomwa omu. Huonyesha jinsi spika inavyozuia umeme. Tuseme kila spika ni omu 8. Ukiunga mbili pamoja, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, zinakuwa omu 4. Ukiunga nne hivyo, zinakuwa omu 2. Ni kama kufungua milango minne kwenye tuta moja la jaruba. Maji yanatoka mengi mno, na tuta linabomoka. Kama amplifaya imeandikwa 4Ω au 8Ω, usishuke chini ya 4. Arusi ikiwa kubwa, watu hupenda kuongeza spika za kuazima. Saa nne za usiku amplifaya inanuka moshi.

Mkiwa na fundi

Sasa nje pamekwisha kukaguliwa na chombo bado hakisemi. Iteni fundi, na mmoja wenu anayejua kusoma akae naye.

Mwulizeni kama ana balbu ya kujaribia. Ni balbu ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 60 au 100. Fundi huiunga katikati ya waya wa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Akiwasha, balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani umeme unapita njia ya mkato. Balbu imejitwisha umeme wote, na amplifaya imesalimika. Balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, ni dalili nzuri, maana kapasita zimejaa na umeme umetulia. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Fundi anayetumia balbu hiyo, mimi humwamini zaidi ya mwenye duka lililojaa mapambo.

Kapasita ikibadilishwa, someni maandishi yake kabla ya ile ya zamani kutupwa. Mathalani: 4700 µF 50V. Za zamani wakati mwingine huandikwa MFD badala ya µF. Mpya iwe na µF sawa au karibu sawa. Volti ziwe zile zile au zaidi. Zisiwe pungufu hata kidogo. Akileta ya 25V mahali pa 50V, mkataeni kwa heshima. Itapasuka. Itapasuka pia ikigeuzwa, kwa hiyo tazameni ule upande wenye alama ya kutoa, ukae kama ulivyokuwa wa zamani.

Transista kubwa zilizofungwa kwenye mapezi mara nyingi huandikwa 2N3055. Ni namba ya siku nyingi na bado zinauzwa, lakini za bandia ni nyingi pia. Mkubaliane kwamba chombo kitapigwa kwa sauti ya kawaida kwa saa nzima mbele yenu kabla ya kulipa pesa yote. Za bandia haziwezi kuvumilia.

Na kabla hajabadilisha chochote, mwambieni akague lehemu. Amplifaya iliyobebwa kwenye kereji ya baiskeli miaka mingi hupasuka lehemu. Mpasuko ni mwembamba kama unywele, na sauti huja na kupotea. Dawa yake ni kupasha lehemu upya. Vitasa navyo, vikikwaruza unapovizungusha, zungusha kila kimoja huku na huku mara ishirini chombo kikiwa kimezimwa. Mara nyingi hupona. Msitie mafuta ya taa wala ya kupikia.

Akisema transfoma imeungua, mwambieni awaonyeshe kwa mita, na nusa mwenyewe. Transfoma iliyoungua hunuka na karatasi yake huwa nyeusi. Wapo mafundi wa kusuka mota ambao husuka transfoma pia. Lakini ulizeni bei kwanza. Ikiwa transfoma imeungua, transista zimekufa na bati limeliwa na kutu, basi mnunuzi wa vyuma chakavu hakuwadanganya sana. Uzeni. Tena yeye anachotaka hasa ni shaba iliyo ndani ya transfoma hiyo, kwa hiyo mpatane bei ya shaba. Msikubali bei ya bati.

Habari za zebaki nyekundu

Katika sehemu zetu za machimbo, uvumi husambaa upesi. Upo unaosema kwamba redio na amplifaya za zamani zina zebaki nyekundu yenye thamani ya mamilioni. Mwaka 2009 uvumi kama huo uliwapata watu wa Saudi Arabia. Wao waliambiwa zebaki hiyo imo katika cherehani za zamani za Singer, wakazinunua kwa bei za ajabu. Hawakupata kitu. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo. Wachimbaji wa Nyarugusu wanaijua zebaki: ni nyeupe kama fedha, na moshi wake ni sumu.

Dhahabu je? Vyombo vingine vya umeme vimepakwa dhahabu nyembamba kwenye ncha za kuunganishia. Amplifaya ya mikutano ya aina tunayoisema ina chuma, alumini, shaba na lehemu ya risasi. Ukiichoma moto kutafuta dhahabu, utapata moshi wa risasi na plastiki, nao utawadhuru kwanza watoto wanaocheza karibu.

Ikipona

Amplifaya ikianza kusema tena, msiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Itatoa jasho na kushika kutu. Ifunikeni kwa kitambaa, na iwekwe juu ya meza. Mnapoitumia, mapezi yaelekee penye hewa. Kwenye betri, waya mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha na mweusi kwenye ya kutoa. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja kila mara, asiwe yeyote anayefika kwanza.

Kisha, kabla fundi hajafunga kifuniko, chukueni kalamu ya risasi. Kalamu ya risasi hudumu. Andikeni upande wa ndani wa bati, kwa herufi kubwa, tarehe na mwaka, na kazi iliyofanyika: KAPASITA 2 MPYA, 4700 µF 50V. FYUZI 5A. SPIKA ZISIPUNGUE OMU 4. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi atafungua na kusoma, hata kama ninyi hamtakuwapo stoo siku hiyo.